Kuonja Mawese

Kila taifa lina kitu kimoja au viwili ambavyo limevionja kwa muda mrefu hata likajipatia maneno ya kuvipima. Wafaransa wana mvinyo. Mwaka 1855, yalipofanyika maonyesho makubwa mjini Paris, madalali wa mvinyo wa Bordeaux walitakiwa kupanga mivinyo myekundu ya kwao kwa daraja, nao wakaipanga katika daraja tano, wakifuata zaidi bei ambayo mvinyo wa kila shamba ulikuwa umezoea kupata sokoni. Hadi leo huko wapo watu ambao kazi yao ni kuonja, kutema na kuandika. Humwambia mnunuzi mwenye fedha kidogo ni chupa ipi ya bei nafuu ifaayo kuliwa na samaki, na ipi ifaayo kuliwa na nyama. Aghalabu sisi huwacheka watu wa namna hiyo. Mimi nadhani tungefanya vizuri zaidi kuwaiga, si katika mvinyo wao, bali katika bidii yao ya kuuheshimu ulimi.

Sisi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hatuna mizabibu. Zabibu za taifa letu hustawi Dodoma, na mvinyo wake una wajuzi wake, nami siwezi kujitia miongoni mwao. Tulicho nacho ni mchikichi, na mafuta yake mekundu, mawese. Miaka mitatu tu baada ya madalali wale wa Bordeaux kukamilisha orodha yao, yaani mwezi wa Februari mwaka 1858, Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, naye Burton akayataja mawese katika habari zake za nchi hii. Kwa hiyo mafuta haya si mageni wala si ya jana. Watu wa hapa, Waha, Wajiji, Wamanyema na wengineo, wameyala vizazi kwa vizazi; na kwa kuwa wameyala, wameyaonja; na kwa kuwa wameyaonja, wanajua kuwa mawese ya dumu hili si sawa na mawese ya dumu lile. Lakini sijapata kuiona orodha yao imeandikwa.

Hata hivyo, ukimpa mgeni wa mjini sahani ya maharage yaliyoungwa kwa mawese, huenda akakuambia kwamba mawese ni mafuta yenye harufu, ni mafuta ya kutengenezea sabuni. Na kijana wa hapa hapa Kigoma, akirudi kutoka shule ya mbali, huweza kusema vivyo hivyo, kama kwamba hakulelewa nayo. Neno “mawese” kwake limekuwa jina la kitu kimoja, na kitu chenyewe ni duni. Hiyo ni kasumba. Lakini haifai kujibiwa kwa hasira. Jibu lake ni chupa nne zilizowekwa mkekani, na kipande cha ugali.

Kabla ya kuonja, yafaa kujua mafuta hupatikanaje, maana kila kasoro ya ladha ina mahali ilipoanzia. Mashada ya chikichi hukatwa mtini, chikichi hupukuchuliwa, huchemshwa kwa saa kadhaa mpaka zilainike, kisha hupondwa kinuni au katika mashine ya kuzungushwa kwa mikono. Rojo lile hukamuliwa, hutiwa maji, huchemshwa tena. Mafuta hupanda juu, nayo huenguliwa taratibu na kukaushwa motoni hadi yaache kupiga kelele. Makapi yenye nyuzinyuzi huwashia moto. Kokwa huwekwa kando, kwa kuwa ndani yake kiko kiini kitoacho mafuta mengine kabisa, yaitwayo mise.

Siri kubwa imo katika muda unaopita kati ya panga na sufuria. Chikichi inapoiva na kuchubuka, kimeng'enya kilichomo katika nyama ya tunda huanza kuyavunja mafuta na kuyageuza kuwa asidi. Kazi hiyo haikomi mpaka tunda lipate moto. Mkamuaji anayechemsha chikichi zake leo au kesho hupata mafuta matamu. Yule anayeyavundika mashada kwa siku nyingi ili chikichi zichomoke kwa urahisi, bila jasho la kupukuchua, hupata mafuta makali yanayokereketa koo. Watu hawa wawili hawatofautiani kwa mti wala kwa udongo. Wametofautiana kwa siku sita tu, na ulimi huzihesabu siku hizo.

Kasoro nyingine ni za motoni. Mafuta yasiyokaushwa vya kutosha hubaki na maji. Ukiyatia katika sufuria yenye moto hulia na kurukaruka, na yakiwekwa ghalani huharibika mapema. Mafuta yaliyokaushwa kupita kiasi huwa na rangi ya hudhurungi na ladha ya kuungua ambayo hakuna kitunguu kitakachoificha. Na yapo yale yaliyoenguliwa kwa pupa, yenye mashapo chini ya chupa. Hayo mimi siyaiti mabaya, ila mnunuzi ajue kwamba sehemu ya fedha yake amenunua matope.

Namna ya kuonja ni rahisi, lakini ina adabu zake. Mawese yaonjwe yakiwa vuguvugu, maana yakipoa hujitenga: juu hukaa mafuta mekundu mepesi, chini hukaa yaliyoganda, mazito, yenye rangi ya chungwa. Asubuhi za kiangazi chupa nzima huweza kuganda, na mgeni akadhani ameuziwa mafuta mabovu. Yapashe moto kidogo, yatikise, ndipo uyahukumu. Yatazame kwanza penye mwanga: mekundu ya kung'aa, au yamefifia? Kisha yanuse. Mawese mazuri hunukia tunda lililochemshwa, na nyuma ya harufu hiyo iko nyingine nyepesi, karibu na ya maua. Halafu tia tone ulimini bila chumvi, ulizungushe, umeze, ungoje. Kungoja ndiko kwenye hukumu, kwa kuwa ukali wa mawese haukai ulimini bali kooni, nao hufika kwa kuchelewa. Kati ya chupa na chupa, kula tonge la ugali mkavu wa muhogo na unywe maji ya vuguvugu.

Nilijifunza mengi ya haya kwa mkamuaji mmoja wa Ujiji, mama wa makamo ambaye mikono yake imekuwa na rangi ya chungwa isiyotoka hata kwa sabuni. Alasiri moja nilimpelekea chupa nne nilizozinunua masokoni, nikiwa nimezifunga karatasi ili asijue ipi imetoka wapi. Nilimwamkia, naye akaitikia, kisha akazitazama chupa zangu kwa huruma.

“Mwalimu,” aliniambia, “umeniletea mtihani?”

“Nimekuletea, Mama. Na mimi pia nimo mtihanini.”

Chupa ya kwanza aliinusa tu, akasema ni ya chikichi zilizolala. Kuhusu ya pili alisema mkamuaji wake ni mwaminifu lakini ana haraka, kwa kuwa mafuta yenyewe ni matamu ila yana maji. Ya tatu aliimeza, akanyamaza, akaomba tonge la pili la ugali. Hakuisifu kwa neno, bali aliisogeza karibu na goti lake. Ya nne ilikuwa hila yangu. Nilikuwa nimeijaza mafuta meupe ya dukani, yale ya mawese yaliyosafishwa kiwandani, yasiyo na rangi wala harufu.

Aliyaonja mara mbili. “Haya hayasemi kitu,” alisema.

Nilipomwambia kuwa nayo yametoka katika mti uleule, mchikichi, alicheka, kisha akataka kujua mti huo ni wa nani.

Swali lake lina jibu refu, na lafaa lielezwe. Mchikichi asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Mwaka 1848 Waholanzi walipanda miche minne katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java. Kutokana na miche hiyo minne kilipatikana kizazi cha michikichi kilichoenea Sumatra na Malaya, na mwaka 1917 shamba la kwanza la biashara la Malaya likapandwa. Leo Indonesia na Malaysia hutoa sehemu kubwa sana ya mawese ya dunia. Mafuta hayo hupitishwa katika udongo maalumu wa kufyonza rangi, kisha hupigwa mvuke katika joto kali hadi harufu yote itoke, na karotini, ile rangi nyekundu ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupotea pamoja nayo. Kisha husafirishwa kuvuka Bahari ya Hindi, yakaja kuuzwa nchini kama mafuta safi. Kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikiyaagiza kwa wingi kutoka nchi hizo. Basi Mha anayeona haya kula mawese huenda kila siku anakula mawese, ila yaliyonyang'anywa sauti.

Sisemi kwamba mafuta meupe ni haramu. Kwa maandazi na chapati mimi huyatumia, kwa sababu hapo sitaki mafuta yaseme. Ninachopinga ni kumwita bubu fasaha.

Turudi kwenye chupa tatu za mwanzo, maana jambo lililonishangaza lilikuwa la bei. Ile ya kwanza, ya chikichi zilizolala, ndiyo iliyonigharimu zaidi. Ile ya tatu, aliyoisogeza gotini, ilikuwa rahisi kuliko zote. Madalali wa Bordeaux walifuata bei, na pengine kwao bei ilikuwa shahidi mwema; huku kwetu ni shahidi wa kutiliwa shaka. Mavuno yanapokuwa mengi, kila nyumba hukamua, madumu hujaa sokoni, na bei hushuka. Lakini siku hizo ndizo za mafuta mapya. Mavuno yanapopungua, wafanyabiashara hutoa yale waliyoyaficha wakingoja bei ipande, nayo yamekwisha kaa, yamechachuka. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo, akiwa na ulimi uliofunzwa, hula mafuta bora kuliko tajiri anayenunua bila kuonja. Methali yetu kwamba rahisi ni ghali, katika soko la mawese wakati wa mavuno, haifanyi kazi.

Kama ningeulizwa daraja zangu, ningezitaja hivi. Juu kabisa ningeweka mawese yaliyokamuliwa kwa chikichi za siku moja au mbili, yaliyokaushwa kwa moto mdogo. Haya hayahitaji kusifiwa. Daraja ya pili ni ya mafuta matamu yenye maji kidogo, kwa kuwa kasoro hiyo huondolewa jikoni: yachemshe peke yake mpaka yanyamaze. Daraja ya tatu ni yale makali ya chikichi zilizolala. Chini yake yamo yaliyoungua, na hayo hayana tiba. Mise siipangi humo kabisa. Ni mafuta ya kiini, yenye harufu ya njugu zilizokaangwa, hutoa povu jingi katika sabuni, na wapo wanaoyapikia; ila kuyapima kwa kipimo cha mawese ni kuipima ngoma kwa kipimo cha zeze.

Hapo kwenye daraja ya tatu ndipo mimi na mama yule tulipokosana, na mpaka leo hatujapatana. Mimi naona ukali ni kasoro. Yeye aliniambia kwamba dagaa waliokaushwa, wenye harufu yao nzito, hawaitaki chupa ya tatu. Wataimeza, na utamu wake utapotea bure. Dagaa, alisema, wapewe mafuta yenye meno. Alikaanga mbele yangu dagaa wa mchangani, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa ufukweni, akatumia mafuta ya chupa ya kwanza, nyanya nyingi na pilipili. Sikukiri, ila nilikula. Ukweli ni kwamba nyanya, kwa uchachu wake, ilikuwa imeufunika ule ukali, na koo langu halikulalamika. Labda wapo watu ambao wamekulia katika mafuta hayo hata wakayaona matamu, kama Waingereza wanavyosifu jibini linalonuka. Mwalimu akiwapa wanafunzi wake chupa hizi wazionje, asitafute jibu moja.

Jambo ambalo sisi wawili tulilikubali bila ubishi ni maharage. Hakuna chakula duniani, kwa maoni yangu, kinachostahili mawese ya daraja ya kwanza kuliko maharage ya nyanda za juu za Kigoma, yaliyopikwa polepole mpaka mchuzi wake ukawa mzito. Mawese yasitiwe mwanzoni. Yatiwe sufuria ikishaepuliwa, kijiko kimoja au viwili, yakorogwe mara moja. Moto mkali wa muda mrefu huifisha rangi na kuiua ile harufu ya maua. Wapishi wanaoyachoma mawese mpaka yawe meupe, wakidai wanaondoa harufu, hufanya kwa mikono yao kazi ileile ya kiwanda. Chumvi iwe ya Uvinza, ikipatikana. Wachimbuzi waliochimba kwenye chemchemi zile mwaka 1967 walikuta dalili za kazi ya chumvi zenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Chumvi hii na samaki wa ziwa hili wamejuana zamani.

Kisamvu nacho, ambacho ndugu zetu wa Kongo ng'ambo ya ziwa hukiita sombe, hutaka mawese mengi, na hapa daraja ya pili inatosha. Majani yaliyotwangwa hufyonza kila kitu, na maji kidogo hayadhuru. Ndizi za kupika zinapendeza, lakini ziwe mbichi kweli, maana ndizi iliyoanza kuiva huongeza utamu juu ya utamu na mdomo ukachoka. Ugali wa muhogo ni mwenzi wa daraja zote. Wali sipendi kuutia mawese, ingawa wapo wanaoupenda hivyo, nami sitawafuata jikoni kwao.

Mgebuka ndiye mtihani wa mpishi. Mgebuka mbichi, aliyetoka ziwani asubuhi hiyo, ana nyama nyororo na ladha ya upole. Akipewa mafuta makali, hutamjua tena. Huyu apikwe katika mawese ya daraja ya kwanza, na yawe kidogo, pamoja na kitunguu, nyanya moja na ndimu ya mwisho. Mgebuka aliyebanikwa ni habari nyingine: moshi umekwisha mpa nguvu, na daraja ya pili humtosha. Nimemla kwa namna zote mbili Kibirizi, karibu na mahali mitumbwi inapofunga, na nikitakiwa kuchagua nitachagua aliyebanikwa, ingawa najua wazee wa Ujiji watanilaumu.

Kuna habari moja zaidi, ambayo wanafunzi wa kilimo wataipenda. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni ya aina iitwayo dura, yenye kokwa nene na nyama haba. Iko aina nyingine, pisifera, isiyo na gamba la kokwa, lakini mara nyingi haizai vizuri. Mwaka 1941, katika kituo cha Yangambi nchini Kongo, mtaalamu wa Kibelgiji aitwaye Beirnaert na mwenzake walieleza kwamba ukizioanisha hizo mbili unapata tenera, yenye nyama nyingi na mafuta mengi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Kigoma kuhimiza zao hili lifufuliwe, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la mbegu za tenera. Nimeyaonja mafuta ya tenera changa. Ni mazuri, mepesi kidogo, na hayana kosa kooni yakikamuliwa kwa wakati. Lakini mti wenye mashada makubwa utakuwa na chikichi nyingi zaidi za kulala chini zikingoja mashine, na mkulima atakayelipwa kwa dumu tu, bila mtu wa kuonja kilichomo ndani yake, hatakuwa na sababu ya kuharakisha. Ningependa mnunuzi wa ushirika awe na kijiko mfukoni kama alivyo na mizani. Na ningependa kijiko hicho akabidhiwe mtu kama mama yule wa Ujiji, alipwe kwa kazi hiyo, na maneno yake yaandikwe.

Amebaki kuhe. Samaki huyu mkubwa wa ziwa letu, mwenye nyama nyeupe inayoachana vipande vipande, wageni huuliza apikwe kwa mawese gani. Mwoke juu ya makaa, umpe chumvi na ndimu. Chupa ibaki imefungwa.